Daraja la mita linapogoma: dalili, sababu na tiba

Masika ndiyo msimu wa malalamiko. Mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo hapa Pemba, vifaa vya umeme vya maabara huanza kubadilika tabia, na daraja la mita, ule ubao wenye waya wa mita moja tunaopimia ukinzani wa umeme, huwa la mwanzo. Vijana hulitoa kabatini, hufunga nyaya kama walivyofundishwa, hugusa waya, na mshale haufanyi wanachokitarajia. Hapo tena linakuja lile neno: "Mwalimu, hili bovu."

Kwa miaka niliyotunza maabara ya skuli ya sekondari nimeletewa madaraja mengi niliyoambiwa ni mabovu. Yaliyokuwa mabovu kweli nayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mengine yote yalikuwa na shida ya maungio: skrubu iliyolegea, kibamba kilichoota kutu ya kijani, klipu iliyong'ata plastiki ikaacha shaba. Sisi tumezungukwa na bahari, hewa yetu ina chumvi na unyevu, na shaba haivipendi vyote viwili. Hivyo, dalili iwe ipi, anza kwenye maungio kabla ya kukilaumu kifaa. Nimeyapanga matatizo kwa jinsi yanavyoletwa kwangu, na kila dalili naanza na sababu inayotokea sana.

Tukubaliane kwanza mahali pa vitu

Weka ubao mbele yako, sifuri ya rula iwe mkono wa kushoto. Pengo la kushoto lina R, ukinzani unaoujua, aghalabu boksi la vizibo. Pengo la kulia lina X, ule usioujua. Betri na swichi zimeungwa kwenye ncha mbili za waya, yaani sifuri na 100. Galvanomita, yaani kipimo cha mkondo mdogo chenye mshale, imeungwa kwenye kibamba cha kati, kile cha shaba kilicho baina ya mapengo mawili, na upande wake wa pili unakwenda kwenye kigusio, kile kijiti chenye ncha ya chuma ambacho wengine hukiita jokei. Ukigusa waya na mshale usiondoke sifuri, hapo ndipo penye nukta ya mizani. Umbali wake kutoka kushoto tuuite l kwa sentimita, na hesabu ni hii:

X = R × (100 − l) ÷ l

Mpangilio huu ulielezwa na Mwingereza Samuel Hunter Christie mwaka 1833. Charles Wheatstone akaueneza mwaka 1843, na jina lake ndilo lililoshika, ingawa mwenyewe alimtaja Christie. Uzuri wake ni kwamba penye nukta ya mizani hakuna mkondo unaopita kwenye galvanomita. Basi galvanomita haihitaji kuwa na vipimo sahihi. Inatosha ijue sifuri iko wapi. Betri nayo ikichoka haiharibu jibu, inaufanya tu mshale uwe mvivu. Hilo liweke akilini, kwa sababu wengi hukimbilia kubadilisha betri pale ambapo betri haina kosa.

Mshale hautikisiki hata kidogo, popote unapogusa

Sababu ya mwanzo ni swichi. Swichi ya kizibo ikiingizwa nusunusu inaonekana imefungwa, kumbe imekaa juu ya kutu. Itoe, ifute, irudishe huku ukiizungusha kidogo. Ya pili ni kikasha cha betri: zile springi zake hushika kutu nyeupe au ya kijani hata seli zikiwa mpya. Ya tatu ni galvanomita yenyewe. Baadhi zina kitufe cha kuufunga mshale wakati wa kubeba, na aliyeileta kutoka skuli nyengine huenda hajaufungua.

Kama hayo yote ni salama, usianze kufungua kila waya. Gawa kazi nusu mbili. Chukua multimita, iweke kwenye volti za betri, gusa ncha mbili za waya wa daraja huku swichi imefungwa. Ukipata volti moja na zaidi, upande wa betri ni mzima na kosa liko upande wa galvanomita: kibamba cha kati, waya wa kigusio, au ncha ya kigusio iliyofanya weusi. Ukipata sifuri, kosa liko upande wa betri, na galvanomita iache kama ilivyo.

Nyaya za kuungia hukatika ndani ya plastiki, mara nyingi karibu na klipu pale panapokunjwa kila siku. Kwa macho huoni kitu. Shika waya ncha mbili uuvute polepole: plastiki ikinyumbuka kama mpira mahali pamoja, shaba imekatika papo hapo. Kata, menya, funga upya.

Sababu ya mwisho, na ni ya nadra, ni koili ya galvanomita kuungua. Usiipime kwa multimita iliyowekwa kwenye omu, kwani multimita hutoa mkondo wake mwenyewe na galvanomita nyeti huenda isiustahimili. Tia resista ya omu 100,000 mfululizo na seli moja ya volti 1.5. Mkondo utakuwa maikroampea 15 tu, na galvanomita nzima itacheza japo kidogo.

Kusafisha maungio, kwa vile litajirudia kila dalili

Bibi zetu walisugua masinia ya shaba kwa ndimu na majivu yakawaka kama jua. Vibamba vya daraja navyo ni shaba, na ndimu inavifaa vilevile. Fungua skrubu zote, toa waya wa daraja kando kabisa, kata ndimu, paka chumvi kidogo, sugua mpaka ile rangi ya kijani iondoke na wekundu wa shaba utokee. Kisha suuza. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanaisuuza kwa maji ya kisima kilicho karibu na pwani, maji yenye chumvi, na baada ya wiki kutu imerudi maradufu. Tumia maji ya mvua. Futa kwa kitambaa kikavu, anika juani saa nzima, ndipo ufunge.

Ndimu isiuguse waya wa daraja wala isikaribie galvanomita. Waya wa daraja hufutwa kwa kitambaa kikavu tu, au chenye spiriti kidogo. Msasa usiufikishe hapo. Nimeona waya uliopigwa msasa kwa nia njema kabisa, ukawa mwembamba katikati kuliko pembeni, na tokea siku hiyo hakuna aliyepata jibu sahihi juu yake. Hesabu yote ya daraja inategemea waya uwe na unene mmoja mwanzo hadi mwisho.

Mshale unalala upande mmoja, kutoka sifuri hadi 100

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, maana mshale wenyewe unakuonyesha mahali pa kosa. Tembeza kigusio kwa kudonoa, usikiburute, uangalie mshale unapungua ukielekea wapi.

Ukipungua kuelekea sifuri ya rula na kukua kuelekea 100, pengo la kulia limekatika, au pengo la kushoto halina ukinzani wowote. Sababu ni hii: X ikiwa wazi, kibamba cha kati kimebaki kimeungana na ncha ya kushoto peke yake, basi kina volti sawa na ncha hiyo, na kigusio kikifika huko tofauti inakwisha. Ukipungua kuelekea 100, ni kinyume chake: pengo la kushoto limekatika, au X imepigwa shoti.

Kwa wanafunzi, sababu inayoongoza kwa mbali ni boksi la vizibo. Kizibo kikiwa ndani, ukinzani wake umeondolewa, kwa sababu shaba ya kizibo inapitisha mkondo juu kwa juu. Ukikichomoa ndipo mkondo unalazimika kupita kwenye koili iliyo chini. Kijana anayetaka omu 5 anatia kizibo cha 5 na kuchomoa vyengine vyote, au anavitia vyote akidhani ndiyo amewasha. Vikiwa ndani vyote, R ni sifuri na mshale utalala upande mmoja daima.

Inayofuata ni X yenyewe. Tunatumia sana waya wa shaba unaotoka kwenye mota zilizoungua, na waya huo umepakwa vanishi yenye rangi iliyo karibu sana na shaba. Kuna msichana wa kidato cha tatu aliyehangaika nao vipindi viwili. Klipu zilikuwa zimebana barabara, skrubu zimekazwa, boksi sawa. Nilimpa wembe nikamwambia, "Kwangua ncha, mwanangu, mpaka uone rangi imegeuka." Akakwangua. Hudhurungi ikaondoka ikatoka rangi ya waridi inayong'aa, akarudisha klipu, mshale ukavuka sifuri kwenye sentimita 40 na kitu. Alinitazama kana kwamba nimemficha jambo. Tokea hapo nimeweka wembe ndani ya boksi la kila daraja.

Baada ya hayo ndipo uangalie vibamba vyenyewe. Baadhi ya mbao zina mapengo manne, na mawili ya pembeni yanatakiwa yazibwe kwa vibamba vinene vya shaba. Kimoja kikipotea, au kikiwa kimelegea, waya wa daraja unakuwa umekatwa upande mmoja.

Mshale unaruka kutoka upande mmoja hadi mwengine, sifuri hakuna

Waya wa daraja umekatika. Tuseme umekatika kwenye 60. Sehemu yote ya kushoto ina volti za ncha ya kushoto, yote ya kulia ina volti za ncha ya kulia, na katikati hakuna mteremko. Mshale utakuwa umelala upande mmoja mpaka 60, na hapo hapo utaruka. Pitisha ukucha taratibu utaihisi ncha. Usiunge kwa risasi, kwani fundo la risasi linabadilisha ukinzani wa mahali hapo. Badilisha waya mzima, wa aina ileile na unene uleule, uukaze usilegee juu ya rula.

Daraja hilihili, kwa mpango uliogeuzwa kidogo, ndilo mafundi wa nyaya za chini ya ardhi na chini ya bahari wanalotumia kujua kosa liko umbali gani kabla ya kuchimba au kutia meli majini. Mwaka 1879 Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa telegrafu uliolazwa baharini, na kazi ya kutafuta ulipokatika waya kama ule ilikuwa ni kukaa nchi kavu na kupima omu. Ukijua kila kilomita ina omu ngapi, umejua masafa. Huwaambia vijana jambo hili pale wanapouliza daraja lina faida gani nje ya mtihani.

Nukta ya mizani iko pembeni kabisa

Hapa kifaa hakina ubaya. R uliyoichagua iko mbali na X. Lakini usilikubali jibu hilo, kwa sababu kosa dogo la kusoma linakuwa kubwa. Chukua R ya omu 5 na l ya sentimita 8. X inatoka omu 57.5. Sasa tuseme umekosea milimita 2 tu: jibu linakwenda kati ya omu 56.0 na 59.1, karibu asilimia 2.7 kila upande. Kosa lilelile la milimita 2 likiwa katikati ya waya halifiki asilimia 1.

Dawa ni rahisi. Jibu la mwanzo ulichukue kama makadirio, kisha weka R karibu nalo, hapa omu 57 kwenye boksi, na upime tena. Nukta itasogea katikati. Nataka iwe kati ya 40 na 60, na sisaini daftari la mwanafunzi lenye nukta ya 8.

Kila nikipima nukta imehama

Hii inachosha watu kuliko zote, na ina sababu nyingi zinazofichana. Nazipanga kwa uzoefu wa hapa kisiwani.

Skrubu iliyolegea. Bonyeza kila ungio kwa ncha ya penseli huku mwenzako anaangalia mshale. Pale mshale utakapotikisika ndipo penye kosa. Penseli, si kidole, maana kidole kinaleta joto na jasho.

Kigusio kinachoburutwa au kubonyezwa kwa nguvu. Waya unaumia, na ncha pana inagusa milimita mbili kwa pamoja. Donoa, inua, sogea, donoa tena.

Joto. Wengi hufunga swichi wakaiacha mpaka wamalize kuandika. Waya unapata moto, X inapata moto. Koili ya shaba huongeza ukinzani kiasi cha asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, basi ikipanda nyuzi 5 tu umeshapoteza karibu asilimia 2. Aidha usiishike koili kiganjani wakati wa kupima. Funga swichi, donoa, soma, fungua. Waya wa konstantani, aloi ya shaba na nikeli, hauna tabia hiyo, kwani ukinzani wake karibu haubadiliki na joto, ndiyo maana hutumika kutengeneza madaraja.

Na iko sababu ambayo vitabu huitaja kwa mstari mmoja na sisi tunakutana nayo kila masika: volti ndogo zinazozaliwa kwenye maungio yenyewe. Metali mbili tofauti zikigusana na upande mmoja ukawa na joto kuliko mwengine, volti ndogo hutokea. Penye unyevu wa chumvi kati yao, maungio hufanya kazi kama seli dhaifu. Kuijua ni rahisi: toa betri kabisa, kisha donoa waya. Mshale ukicheza na hakuna betri, umeipata. Kausha na safisha maungio. Kama bado ipo, pima mara mbili, mara ya pili ukiwa umegeuza ncha za betri, halafu chukua wastani wa nukta hizo mbili. Volti za betri zimegeuka, hizi za maungio hazikugeuka, basi kwenye wastani zinafutana.

Nikibadilishana R na X majibu hayalingani

Huyu aliyebadilishana amefanya jambo ambalo kila mtu anatakiwa kulifanya. Nukta ya mwanzo na ya pili zikijumlishwa zinatakiwa zitoe 100. Zikitoa zaidi au pungufu, daraja linakwambia jambo.

Mfano wa hesabu. R ni omu 10 kushoto, nukta ni 46.0, hivyo X ni 11.74. Umebadilishana, X sasa iko kushoto, nukta ni 54.8, hivyo X ni 12.12. Jumla ya nukta ni 100.8. Sababu inayotokea sana ni rula kusogea: imebandikwa upya, au ubao umevimba kwa unyevu, na sifuri ya rula haipo tena ulipoanzia waya. Iliyozidi ni 0.8, nusu yake ni 0.4, basi kila usomaji umezidi kwa 0.4. Punguza: 45.6 na 54.4. X ni 11.93 pande zote mbili. Wastani wa majibu mawili ya awali nao ni 11.93, ndiyo maana kubadilishana na kuchukua wastani ni kinga nzuri hata kwa asiyejua rula yake imesogea.

Sababu ya pili ni ukinzani wa ncha. Mkondo ukitoka kwenye kibamba kuingia kwenye waya hupita kwenye skrubu na risasi, na pale pana ukinzani mdogo ambao ni sawa na kuongeza vipande vya waya ambavyo rula haivioni. Vipande hivyo unaweza kuvipima. Weka ukinzani mbili unazozijua, P ya omu 10 kushoto na Q ya omu 1 kulia, soma l1. Badilishana, soma l2. Kipande cha kushoto ni:

a = (Q × l1 − P × l2) ÷ (P − Q)

na cha kulia ni b = l1 + l2 + a − 100. Tuseme l1 ni 91.3 na l2 ni 8.9. Basi a ni sentimita 0.26 na b ni 0.46. Kuanzia hapo mkono wa kushoto ni l + 0.26, na wa kulia ni 100 − l + 0.46. Namba hizo ziandike kwa kalamu isiyofutika chini ya ubao pamoja na tarehe, na uzipime upya kila muhula. Kipande kikivuka sentimita 1, usikisahihishe kwa hesabu. Fungua skrubu, safisha.

Jibu halihami, lakini si la kweli

Kwanza hesabu imepinduliwa. Wanafunzi hukariri fomula wakasahau X iko pengo gani. Kipimo changu cha haraka: mwenye omu nyingi ndiye mwenye waya mrefu upande wake. Kama nukta iko 30 na X iko kulia, X ina sentimita 70, lazima izidi R. Jibu likitoka dogo kuliko R, umepindua.

Pili, katika jaribio la kutafuta ukinzani maalumu wa waya, yaani ule wa metali yenyewe bila kujali urefu na unene, kosa huwa kwenye kipenyo wala si kwenye daraja. Kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe. Waya wa milimita 0.376 ukisomwa 0.40, eneo linazidi kwa asilimia 13. Funga mikromita bila waya uone kama inasoma sifuri, kisha pima waya mahali pasipungue patatu. Kwa kulinganisha, mita moja ya konstantani ya unene huo inatakiwa itoe takriban omu 4.4.

Tatu, X ni ndogo mno au kubwa mno. Chini ya omu 1, nyaya za kuungia na klipu nazo zinahesabika, na daraja la mita halitofautishi kipi ni chake. Kazi hiyo ni ya daraja la Kelvin. Kwenye maelfu ya omu mshale unakuwa mzito, na ukinzani wa plastiki ya nyaya za nyumba haupimwi kwa daraja hata siku moja.

Na mara nyengine jibu ni la kweli, ila matarajio ndiyo yaliyokosea. Vijana hupenda kupima balbu. Balbu ya zamani ya wati 60 kwenye volti 230 ina omu 880 hivi inapowaka, lakini ikiwa baridi mezani ina sehemu ya kumi ya hapo au pungufu. Daraja linaipima baridi, na limesema kweli. Pasi haina tofauti hiyo kubwa: waya wake wa moto ni wa nikromu, na pasi ya wati 1000 itakupa omu 50 na kidogo iwe baridi au moto. Ipime pasi kwanza kama unataka kuwaonyesha wanafunzi kitu wanachokijua nyumbani, lakini itolewe kabisa kwenye plagi ya ukutani, wala usitosheke na kuzima swichi.

Mshale unapiga mwisho kwa kishindo, au waya unapata moto

Acha hapo hapo, fungua swichi.

Karibu kila mara nimekuta betri ya sola. Betri ya sola ina volti 12, na waya wa daraja una omu 4 au 5 tu. Hapo zinapita ampea karibu 3 na wati zaidi ya 30 kwenye waya mmoja mwembamba. Ubao unaungua, vidole vinaungua, na galvanomita inakufa mshale umepinda. Tumia seli moja ya volti 1.5, au seli ya risasi ya volti 2. Unapotafuta nukta kwa mara ya mwanzo, tia resista ya omu elfu kadhaa mfululizo na galvanomita, kisha ukishakaribia sifuri uiondoe ili mshale uwe mwepesi.

Mahali pa kuweka bisibisi chini

Galvanomita usiifungue. Ndani mna springi nyembamba kuliko unywele, na pumzi yako peke yake yatosha kuivuruga. Mshale ukikwama, ukipinda, au ukicheza bila kurudi sifuri hata baada ya kurekebisha skrubu ya mbele, mpelekee fundi wa vifaa vya vipimo.

Betri ya risasi iliyovimba au inayovuja asidi usiiguse. Watoe wanafunzi chumbani, fungua madirisha, mwite aliyefunzwa kuishughulikia. Asidi ikimgusa mtu, maji mengi mara moja na kwa muda mrefu, kisha hospitali.

Kitu chochote kilichoungwa na umeme wa nyumba au wa skuli, hata kama umeme umekatika kijiji kizima, hakipimwi kwa daraja, kwa sababu umeme ukirudi hautoi salamu. Pasi au birika inayotia ganzi ukiigusa, na ukinzani wa waya wa ardhi wa jengo, ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni na vyombo vyake.

Kifaa ulichokishindwa usikirudishe kabatini kimya kimya. Kifungie karatasi: dalili uliyoiona, ulichokwisha kukagua, tarehe. Kiweke rafu ya juu kabisa, mbali na dirisha la upande wa bahari, pamoja na vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.